Kevin wa Wapi?

Karani aliinua katoni, akaigeuzageuza kutafuta upande ulioandikwa, kisha akapaza sauti: "Kevin!"

Ilikuwa ofisi ya vifurushi mjini Nairobi, upande wa River Road, mojawapo ya zile ambapo magari ya Nakuru, Eldoret, Kitale na Kisumu hushusha mizigo kwa pamoja, na watu husimama wakinusa kujua ni parachichi za nani zilizoivia njiani. Katoni yenyewe ilikuwa ya mafuta ya kupikia, imefungwa kamba ya katani. Aliyeituma alikuwa ameandika KEVIN NRB kwa kalamu nene, wino ukamwishia kabla ya jina la pili. Chini yake kulikuwa na namba ya simu kwa biki, ndogo, imeparara.

Tulisogea mbele karibu sote.

"Kevin wa wapi?" akauliza.

Mmoja akasema Kiprono. Mwingine akasema Omondi. Mimi nikasema Mwangi. Kuna Kevin Wafula aliyekuwa ameshapewa mzigo wake na yuko mlangoni, naye akageuka, mazoea tu. Kijana wa mwisho, mwenye mkoba wa kompyuta mgongoni, hakutaja kitu. Alisema: "Angalia namba. Mwisho ni sita moja nne."

Karani akaangalia. Ilikuwa yake.

Akaibeba katoni yake akaenda zake, na kwa karani mambo yakaishia hapo. Mimi ndiye nimebaki na jambo hili wiki nzima, kisha wiki nyingine, nikiwa kwenye matatu, nikiwa kazini. Sote tuliulizwa swali moja. Wengine tukajibu kwa jina la babu. Yeye akajibu kwa tarakimu tatu.

Kevo, Brayo, Deno

Ukiwa ulikulia mitaa ya Eastlands miaka ya tisini huhitaji kuelezwa. Darasani kwetu Umoja kulikuwa na Kevin M., Kevin O., na Kevin Mrefu, ambaye siku hizi si mrefu hata kidogo. Walimu walituita kama vile wanasoma orodha ya kikosi. Nje ya darasa tulikuwa Kevo, kama Brian alivyokuwa Brayo na Dennis akawa Deno. Leo ndugu hawa ndio wanaotaniwa mtandaoni kwamba wamevunja mioyo ya mabinti wa Nairobi zaidi ya kundi lolote lile. Sina la kujitetea.

Kisha kuna wale akina Kelvin. Mkenya hatofautishi Kevin na Kelvin mpaka karatasi zimlazimishe. Mimi mwenyewe ofisi fulani iliwahi kuniongezea herufi L nisiyoiomba, na kuiondoa kukanipeleka kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Ni majina mawili mbalimbali kabisa. Kelvin ni mto unaopita karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwanafizikia William Thomson alipopewa cheo cha ubwana mwaka 1892 alijiita kwa mto huo, na kipimo cha joto kikamfuata. Zaidi ya miaka mia baadaye, Oktoba 2023, Kelvin wa Elgeyo Marakwet, marehemu Kiptum, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35, akaweka rekodi mpya ya dunia. Nadhani mto ule ulipata heshima kubwa zaidi siku ile kuliko siku ya yule bwana.

Lakini nirudi kwa Kevin.

Mtakatifu, mnyongwa, na mtoto aliyesahauliwa

Usiku ule nilisoma mpaka betri ikaniomba msamaha. Jina ni la Kiayalandi, Caoimhín, lenye habari za upole na kuzaliwa vyema. Hilo nililipita haraka, maana hakuna mzazi wa Umoja aliyejua Kiayalandi.

Walioshika mawazo yangu ni watu waliolibeba. Wa kwanza ni mtawa wa karne ya sita aliyeanzisha monasteri ya Glendalough, katika bonde la milima ya Wicklow. Hadithi yake inayosimuliwa zaidi ni kwamba alikuwa anasali amenyoosha mkono, ndege akaja akataga mayai kiganjani, na yeye akakaa vile vile hadi vifaranga vikaanguliwa. Sikukuu yake ni tarehe 3 Juni. Mkatoliki yeyote wa hapa akisikia 3 Juni anafikiria Namugongo: ni siku ya mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga, Kizito na wenzao, waliochomwa moto mwaka 1886, siku ambayo wapo Wakenya wanaotembea kwa miguu hadi Uganda kuiadhimisha. Ndiyo kusema kila mwaka Kevin na Kizito wanaombewa siku moja, nami nimefikisha umri huu bila mtu kuniambia.

Hao mapadri wa Kiltegan, wamisionari wa Kiayalandi waliohudumu Kitui, Eldoret na Turkana, chama chao kina makao katika kaunti hiyo hiyo ya Wicklow. Siwezi kudai kwamba wao ndio waliotuletea jina. Nimeona tu barabara imenyooka kuliko nilivyodhani.

Wa pili alinishtua. Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 18, alinyongwa na Waingereza katika gereza la Mountjoy, Dublin, tarehe 1 Novemba 1920, kwa kushiriki shambulio la wapiganaji wa uhuru. Mwaka huo huo wa 1920 ndipo London ilipotugeuza rasmi kuwa koloni la Kenya. Miaka 37 baadaye, katika gereza la Kamiti, wakamnyonga Kimathi wa Mau Mau.

Nina rafiki ambaye kila tukikutana ananiambia niache hili jina la mkoloni. Ana hoja, na ana mifano mizito: mwandishi Ngũgĩ aliliacha James, mwanasiasa Jaramogi aliliacha Adonija. Safari hii nilimjibu kwamba mkoloni alimnyonga Kevin. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, lakini mama yako alijua hayo?"

Hakujua. Hapo alinipata.

Wa tatu mnamfahamu: mtoto wa ile filamu ya Marekani ya mwaka 1990, Home Alone, aliyesahauliwa nyumbani wakati wa Krismasi akawakomesha wezi. Ujerumani waliiweka Kevin kwenye kichwa chenyewe cha filamu, na mwaka 1991 likawa jina la kwanza kwa watoto wa kiume nchini humo. Walikuwa wameshazoeshwa na Kevin Keegan, Mwingereza aliyeichezea Hamburg mwishoni mwa miaka ya sabini akachukua nayo ubingwa wa 1979. Ufaransa nayo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kévin alikuwa kileleni.

Kisha likageuka. Waliowaita watoto wao Kevin kule walikuwa zaidi familia za kipato cha chini, na watu wa tabaka la juu wakaanza kulicheka. Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi majina yanawaambia nini kuhusu mtoto, na mwalimu mmoja akaandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliokwisha thibitishwa. Ufaransa mzaha ulikuwa vile vile, hadi mwaka 2022 akina Kévin wawili, Pfeffer na Mauvieux, walipochaguliwa kuingia Bunge la Taifa na magazeti yakaifanya kuwa habari. Fikiria hapa kwetu gazeti liandike: Brian achaguliwa.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikakasirika kidogo kwa niaba ya watoto wa Berlin nisiowajua. Jina lile lile, miaka ile ile. Kwao linamfungia mtoto mlango kabla hajafungua daftari. Kwetu, mwenye nalo akisimama mlangoni hujui hata kwao ni wapi.

Jina lisilo la mtu

Nikampigia mama.

Nilitarajia filamu, maana KTN ilianza mwaka 1990 na mama alipenda televisheni. Akasema filamu hiyo hata hakuiona ilipotoka. Padri? Hapana. Alinizaa hospitali ya Pumwani mwaka 1992, muuguzi akamuuliza jina, naye akawa nalo tayari.

"Lakini kwa nini Kevin?"

"Nilitaka kitu kisicho cha mtu."

Ili kumwelewa lazima ukumbuke alivyokuwa amefungwa. Kwetu Waagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume ni babu mzaa baba. Wa pili ni babu mzaa mama. Hakuna mjadala, hakuna kupiga kura. Mimi nilikuwa Mwangi kabla mama hajaolewa. Na si kwamba nimepewa jina la babu; mimi ndiye babu. Cucu, yaani nyanya yangu, hadi alipofariki, aliniita mume wangu mbele ya wageni, akanipa kiti, akanilalamikia mambo aliyofanya mzee mwaka wa 1960. Nikiwa na miaka saba niliwahi kuomba radhi kwa ng'ombe aliyeuzwa kabla sijazaliwa.

Majirani nao walikuwa na sheria zao. Kwa Wajaluo saa ndiyo inayoamua: usiku ni Otieno, alfajiri ni Omondi, jua likiwaka ni Ochieng', mvua ikinyesha ni Okoth. Kwa Wabukusu mtoto wa mavuno ni Wekesa. Kwa Wakalenjin, ng'ombe wakirudi zizini ni Kiprotich. Wazee, jua, mvua na mifugo wote walikuwa na sauti. Mama mzazi hakuwa nayo.

Alibakiwa na nafasi moja, ile ya mbele, ambayo kanisa na kitambulisho viliilazimisha iwepo. Wamisionari waliileta kama alama ya kumtenga mtu na wazee wake, hilo sibishani nalo. Ila watu wetu waliichezea tangu mwanzo. Kamau wa Ngengi alipotaka kubatizwa Thogoto mwaka 1914, inasimuliwa, aliomba aitwe John na pia Peter. Alipoambiwa achague moja akajitengenezea Johnstone, jiwe la Petro limo ndani. Baadaye akalitupa, akawa Jomo Kenyatta. Hata hivyo lile la kwanza alilitunga mwenyewe.

Kwa hiyo jina ninaloambiwa si langu ndilo pekee ambalo mtu alikaa akanifikiria mimi akalichagua. Mwangi angekuja tu, hata kama ningezaliwa na sura nyingine.

Nilifurahi na ugunduzi huo kwa siku kama tatu hivi. Halafu nikakumbuka sanduku.

Rangi ya geti

Januari 2008 nilikuwa naingia kidato cha pili, shule ya bweni huko Bonde la Ufa. Shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu mnazozijua. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadaye ilihesabu waliouawa kuwa 1,133. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya vijana, na walichokitaka dirishani ni kitambulisho. Hawakuwa na haja na jina la mbele.

Sanduku langu la bati lilikuwa na maandishi meupe ubavuni: KEVIN MWANGI, na namba ya shule. Usiku kabla ya safari mama alitoa kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka geti, rangi ya maziwa iliyokolea, ilhali sanduku lilikuwa buluu. Akapaka Mwangi. Hakuandika kitu kingine juu yake, aliacha tu baka la mstatili, na ukikaa karibu ungeona herufi zimevimba chini ya rangi kama mishipa. Nilifika shuleni nikakuta masanduku mengi yana mabaka. Kevin, kisha rangi. Brian, kisha rangi. Wengine walitumia gundi na karatasi ya kalenda. Hakuna aliyeuliza, hata walimu.

Mama hakuwahi kulizungumzia sanduku, hata juzi nilipompigia. Lakini alipotamka "kisicho cha mtu" nilisikia kopo la rangi likifunguliwa.

Yule kijana wa sita moja nne anaonekana rika langu, pengine chini kidogo. Sijui alikuwa wapi mwezi ule. Najua tu kwamba hapa Nairobi watu wa rika letu ni mafundi wa kukata majina: Kevin K. kwenye mitandao, Kevin wa Airtel, Kevo Wa Mabati kwenye simu ya mteja. Tulijificha vizuri hadi M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007, miezi tisa tu kabla ya ghasia zile, ikaja kutuanika. Lipa mboga ya shilingi hamsini, na ujumbe unaorudi unakuambia mama mboga anaitwa nani mpaka kwa babu yake. Nimewahi kumwona mteja akiusoma ujumbe huo, akainua macho, akamwangalia muuzaji upya.

Kwa nani ni tupu?

Nilikuwa karibu kuhitimisha kwamba hizi Kevin na Brian ni zawadi: majina ya mji, yasiyouliza kwenu ni wapi, ambayo jirani Mluhya na jirani Mkamba wanayaita bila kujiuma ulimi. Nilikuwa hata nimemwandikia rafiki yangu mmoja wa Pumwani ujumbe mrefu kuhusu jambo hilo. Ni Mwislamu, mzaliwa wa pale pale, babu yake kazikwa pale pale.

Akanipigia badala ya kuandika.

"Nyinyi mna jina la mbele la kujifichia. Langu la mbele ndilo linalonikamatisha."

Akanikumbusha Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, uliowalenga zaidi Wasomali, maelfu ya watu wakizolewa Eastleigh na mitaa ya jirani, wengi wakawekwa uwanja wa Kasarani. Alisimamishwa mara nyingi wiki hizo, akionyesha kitambulisho cha Kenya kwa askari ambaye alisoma neno la kwanza tu. Mimi nilikuwa napita Jogoo Road kila siku mwaka huo. Kevin, pita.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Jina ninaloliona tupu, yeye analiona limejaa: Mkristo, si Msomali, mwache aende. Utupu wake ulikuwa wa kutosha kwa Kiprono, Omondi, Wafula na mimi kusimama foleni moja bila kuogopana. Haukutosha kumfikia yeye, mwenyeji wa mji huu kuliko sisi wote wanne tulioletewa mizigo kutoka kwingine.

Hili limenipunguzia furaha, na sioni sababu ya kulitafutia dawa kwa aya moja. Sijabadili niliyosema kuhusu mama yangu. Alikuwa na nafasi moja akaitumia.

Nafasi ya mbele

Sasa ni zamu yetu. Mke wangu anatarajia mtoto wa kiume, na tumeingia msimu wa mikutano.

Upande wangu, mtoto ameshajulikana: ni baba yangu, Njoroge. Upande wa mke wangu, ambao ni Wajaluo wa Siaya, wanasubiri saa ya kuzaliwa, na mama mkwe amesema pia kwamba hajalala vizuri, kuna mzee wao anamjia ndotoni, na mzee huyo hataki kupuuzwa. Tumeahidi kumsikiliza. Cheti cha kuzaliwa kitakuwa kirefu.

Iliyobaki ni ile nafasi ya mbele, pekee isiyo na mwenyewe pande zote mbili, na kumbe ndiyo inayotugombanisha sisi wawili. Mke wangu alipendekeza Liam. Nikamwambia Liam ni Mwayalandi mwingine, William aliyekatwa kichwa, na kwamba tangu 2017 Wamarekani wamelifanya namba moja mwaka baada ya mwaka. Brian Mwayalandi, Ryan Mwayalandi, Kevin Mwayalandi. "Hawa watu tumewakosea nini?" akauliza. Tukaangalia orodha ya watoto wa shule ya chekechea hapa karibu: Jayden, Ethan, Liam, Jayden, Amani, Tyler, Jayden. Akina Kevin hakuna hata mmoja. Tumekwisha.

Mimi napendelea Amani au Baraka, majina ambayo yule rafiki wa Pumwani anaweza kumpa mwanawe na mimi nikampa wangu, na askari akabaki na kazi ya kusoma mstari wa pili. Mke wangu anasema hayo nayo yamekuwa ya kawaida mno, na kwamba mtoto si kamati ya upatanisho. Anataka jina analolipenda sikioni, basi. Nikisema ukweli, hiyo ndiyo sababu bora kuliko zangu zote.

Jumapili tulimpelekea baba mzozo wetu. Alikuwa anachambua maharagwe uani, kofia imemfika machoni. Alitusikiliza wote, mke wangu na Liam wake, mimi na Amani yangu, na Kevin Barry na Wajerumani na kila kitu. Akatupa punje mbovu.

"Hilo la mbele ni lenu, piganieni," akasema. "La pili lina mwenyewe. Si mnamwona amekaa hapa?"